Sauti ya Mama wa Kambo

Mbarara, 11 Februari 2024

Mama Nabintu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila koo kidogo. Natumaini wewe na mdogo wangu Chantal hamjambo, na kwamba mguu wake haumsumbui sana siku hizi. Barua hii anakuletea Gasore, yule muuza samaki, kwa sababu kwenye simu sikupati tena.

Mama, nimepata kazi! Hapa mjini kuna bwana anaitwa Musoni, ana studio ya kuweka sauti kwenye filme. Filme inakuja kwa Kiingereza, mimi nakaa mbele ya mikrofoni naisimulia kwa Kiswahili chetu na kuigiza watu wote, wanaume kwa wanawake, ili watu wa huko kwetu kambini Nakivale waelewe. Ya kwanza ni filme kubwa ya familia, ile hadithi ya zamani ya Wazungu: msichana yatima anateswa na mama wa kambo, anaenda kwenye ngoma kwa mfalme, anapoteza kiatu. Wamejenga jumba zima la kweli ili walipige picha tu. Farasi hawahesabiki!

Itaonyeshwa hapo kambini, upande wa Kashojwa, baada ya Pasaka. Nenda unisikie.

Mtoto wako,
Pascaline


Juru, 3 Machi 2024

Mutoto wangu Pascaline,

Jambo. Sisi tuko bazima, maharagi tunaanza kupanda, Chantal anakusalimia mingi. Barua ilifika inanuka samaki lakini niliisoma yote.

Kazi, nimefurahi. Filme yenyewe, hapana. Hiyo hadithi masista balitusomea kule kwetu Walungu, Kongo, nikiwa kalasi ya ine, na hata siku ile niliona ni upuuzi. Mutoto analala mu majivu lakini ngozi yake haina hata upele. Ndege zinamusaidia kufua nguo. Hapa Juru ndege zinajua kazi moja tu, kufukua mbegu zangu. Na huyo mwana wa mfalme! Amecheza na binti, amemushika kiuno, kesho yake hamujui sura, anamutafuta kwa kiatu. Mwanaume wa namna ile nisingemuachia hata mbuzi achunge. Kisha bantu bazima banajenga jumba juu ya ujinga huo, banapiga picha, banabomoa.

Lakini nitaenda, juu ya sauti yako. Kunywa maji ya moto. Koo hiyo ulirithi kwa baba yako Laurent, Mungu amuweke pema.

Mama yako


Juru, 21 Aprili 2024

Pascaline,

Salamu. Hatujambo, kama unataka kujua.

Jana tulienda Kashojwa. Chantal nilimutafutia baisikeli ya kumubeba, mimi nilitembea. Kibanda cha video kilijaa mpaka mulangoni. Yule mama wa kambo akatokea na nguo ya hariri, akafungua kinywa, na mimi nikasikia sauti yangu. "Eee weye, unazani chakula kinaanguka pamoja na mvua?" Maneno yangu. Kikohozi changu. Hata vile ninaita mutoto mara tatu, na mara ya ine natukana. Bantu ba Juru bakageuka kuniangalia, bakacheka mpaka filme haikusikika tena.

Mwisho yule mama anaanguka kwenye ngazi za jumba na kibanda kizima kinapiga makofi. Chantal naye alipiga. Kisha akaniona, akaficha mikono chini ya kitenge.

Sasa kwenye bomba la maji banawake bananipisha: "Malkia apite, Malkia apite."

Ulijifunza wapi dharau hii? Mimi nilikufundisha kulima.

Nabintu


Mbarara, 2 Mei 2024

Mama Nabintu,

Salamu. Mimi mzima.

Sikutaja jina lako. Umejitambua mwenyewe. Musoni aliniambia, "Nipe mwanamke mbaya ambaye watu watamwamini." Nikatafuta kichwani nikampata mmoja tu.

Nilikuwa darasa la sita, wa pili kati ya watoto tisini. Jumatatu asubuhi ulichukua daftari zangu ukampa Chantal, mimi ukanipa jembe. Ulisema, "Masomo imeisha, twende." Basi. Hakuna neno lingine mpaka leo. Unaicheka ngozi ya yule msichana wa filme, lakini mikono yangu hukuwahi kuitazama hata siku moja.

Watu wanaipenda sana filme. Wanaipenda kwa sababu yako. Kwa hiyo asante.

Pascaline


Juru, 12 Mei 2024

Pascaline,

Afya njema kwako.

Baba yako alikuwa kaburini mwezi moja. Nilikuwa na batoto babili. Moja hakuwa na mguu wa kulima, na asiyelima asipojua kusoma atakula nini? Mwingine alikuwa na nguvu. Ndiyo hiyo. Peleka na hiyo kwenye mikrofoni.

Usiniandikie tena.

Mke wa baba yako


Mbarara, 18 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yangu ya Juni na ile ya Julai Gasore amenirudishia zikiwa zimefungwa vilevile. Hii nimemwambia ukiikataa aifungue na kuisoma kwa sauti mlangoni kwako, majirani wasikie. Nisamehe kwa hilo pia. Chantal yuko salama? Wewe unalala vizuri?

Lile jembe sijalisahau, siwezi kukudanganya. Lakini wiki mbili zilizopita nilikuwa sokoni, mwanamke mmoja wa Kashojwa akanitambua kwa sauti. Akaniomba nimwigizie yule mama ili mtoto wake acheke. "Mufanye yule mbwa wa Juru," alisema. Hivyo hivyo, mbwa. Nilitaka kumzaba kofi, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

Nimeirudia filme nzima. Musoni alininunia siku tatu. Mama wa kambo sasa ana sauti nyingine, ya upole, na kabla ya kuanguka anaomba msamaha. Itaonyeshwa tena mwanzo wa Septemba.

Mtoto wako, ukikubali,
Pascaline


Juru, 15 Septemba 2024

Mutoto wangu Pascaline,

Habari ya masiku mingi. Tuko bazima, mvua imeanza, Chantal anasema umukumbuke.

Nilienda tena Kashojwa. Ni mbaya sana. Yule wa kwanza alinitukana, lakini alikuwa muntu. Huyu wa sasa anaongea kama sista mwenye kuumwa na jino. Anamunyima mutoto chakula huku anamubembeleza! Bantu bakapiga miluzi, nusu bakatoka nje. Na ule musamaha wako umepangwa kama sala ya asubuhi. Ulinisikia siku gani nikiomba musamaha? Basi uliutoa wapi?

Nimefikiri wiki nzima. Mwambie Musoni nakuja. Yule mama nitamusema mimi mwenyewe, weye sema mutoto. Nitatukana vile natukana. Lakini mbele ya kuanguka kwenye zile ngazi, iko neno atasema, na bale banaoniita Malkia basikie. Atasema kwamba ile Jumatatu alimuona mutoto nyuma ya nyumba, analia, amebakia na daftari moja chini ya nguo. Akajifanya hakuona. Akapita na jembe lake, sababu alijua akisimama tu, atamurudisha kalasi, na ndani hapakuwa hata na unga.

Uso kwa uso siwezi kukuambia, sikuzaliwa hivyo. Ule mwanamke wa hariri akichezesha mudomo, mimi nitaweka maneno.

Nakuja Alhamisi pamoja na Gasore. Unipokee pale fasi magari ya Nakivale yanasimama. Na usichelewe, mimi sijui kungojea bantu.

Mama yako