Msumari Mfupi kwa Mama Mkwe

Gungu, Kigoma

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kile kifua kimeshakuachia usingizi. Mimi sijambo, ila miguu inavimba kwa kusimama. Usimwambie Mama, atanitumia mizizi kwa posta kama mwaka jana.

Leo nataka kujisifu, nawe univumilie. Seremala hawezi kukataa habari za misumari.

Wakimbizi kutoka Burundi bado tunaletewa hapa hospitalini kutoka kambini. Mwezi uliopita tulimpokea Bibi Stefania, aliyeteleza bombani akavunjika nyonga ya kushoto. Aliyemleta ni mkwe wake, Lazaro. Binti aliyewaunganisha alifariki kabla hawajavuka mpaka, wakabaki wao wawili tu. Sasa, Baba, kwao mkwe hamgusi mama mkwe wala haangalii kitanda chake. Lazaro alikuwa akishinda nje ya wodi ameupa mlango mgongo, anauliza hali ya mgonjwa kupitia dirisha.

"Sista," aliniambia, "mabukwe asiposimama, kule kambini atanyanyuliwa na nani? Mimi nikimshika, ni kama nimemvua nguo mbele za watu."

Mabukwe ni mama mkwe kwa lugha yao. Niliingia ndani kumtazama bibi.

Nyonga ya mzee tunaifunga kwa msumari wa chuma unaoingizwa ndani ya mfupa wa paja. Upo mrefu unaoshuka hadi karibu na goti, na upo mfupi unaoishia pajani. Daktari wetu wa mifupa anaupenda mrefu, anasema unaulinda mfupa wote. Lakini mrefu una wa kushoto na wa kulia, kama viatu, na nilipofungua kabati la chumba cha upasuaji nilikuta umebaki wa kulia tu. Daktari akasema tusubiri wa kushoto uje na treni kutoka Dar es Salaam.

Mzee akilala chali siku nyingi, mapafu yanajaa na mgongo unachubuka. Na msumari mfupi unaingia upande wowote. Mimi kwa muda mrefu nimekuwa na daftari langu: mzee gani kawekewa upi, kakaa kwenye meza ya upasuaji muda gani, kapoteza damu kiasi gani, na aliporudi kliniki alitembeaje. Wenzangu walikuwa wakinicheka, wananiita karani wa misumari. Siku hiyo nililibeba hadi kwa Daktari.

"Daktari, kwa mvunjiko kama huu, wa mfupi wametembea sawa na wa mrefu, na hawakukaa sana mezani. Bibi huyu damu yake ni kidogo."

Alisoma kurasa zote. Kisha akaweka kidole mahali. "Na huyu aliyevunjika tena chini ya msumari?"

"Alikuwa wa mfupi. Nimemwandika."

"Ungemficha, nisingekusikiliza," akasema. "Andaa mfupi, kesho asubuhi."

Baba, wewe hukuwahi kumuuzia mtu kiti chenye ufa uliofunikwa kwa rangi. Nilitoka ofisini mle kichwa juu, nikajisikia mwanao hasa.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake tulimsimamisha kwenye fremu ya kutembelea, akatuporomoshea matusi ya Kirundi, na mhudumu wetu Muha, aliyeyaelewa kwa kuwa Kiha kinakaribiana na Kirundi, akakataa kututafsiria.

Msalimie sana Mama. Msalimie na Shangazi wa maandazi, umwambie migebuka, samaki wa ziwa letu hapa, haina mpinzani, hata huko wakisifia samaki wao. Mdogo wangu anayejifunza randa kwako mwambie asikuchoshe.

Barua hii nilikuja nayo kazini niimalizie, na nilikuwa nimefika hapo nikaitwa wodini: Bibi Stefania anaruhusiwa, gari la kambini linamngoja. Lazaro amesimama mlangoni, uso nje. Nikanyoosha mkono nimshike bibi, akaupiga kofi. Akaenda mwenyewe na fremu yake, hatua, anapumzika, hatua, mpaka kizingitini. Akakohoa.

"Mkwe wangu, nipishe, napita."

Lazaro akaruka pembeni, akainamisha kichwa, machozi yanamtoka, akampisha mkubwa wake.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka kila nishikapo nyundo ya upasuaji,

Rehema