Raundi Tatu za Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu ameondoka kwa mumewe. Alikuja kibandani kabla sijamaliza kufungua makufuli, mkoba mmoja, mtoto mgongoni, mkono wa kushoto kwenye bandeji. Hakulia. Tangu utotoni tunamwita Chiriku kwa kelele zake, na leo maneno anayatoa moja moja kama anayanunua.

Nimeona aibu. Si kwa ajili yake — kwa ajili yangu. Tangu mwaka jana nimebadilisha skrini ya simu yake mara nne. Mara nne! Fundi simu mzima, nisijue tofauti ya simu iliyoanguka na simu iliyobamizwa ukutani? Nilijua. Shemeji alikuwa analipa papo hapo, haombi kupunguziwa. Nikachukua hela, nikakausha.

Jumanne, 4 Machi

Kasafiri na basi la asubuhi, kwenda mji mwingine, kwa rafiki yake mshonaji. Ninayejua ni mimi tu. Hata mama hatujamwambia, maana mama hana kifua.

Tatizo ni hela zake. Kazi yake ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika, na wageni wanaompa kazi wanalipa kwa bitcoin, hela za mtandaoni. Pochi yake ya simu alifunguliwa na shemeji mwenyewe — ambaye ni dalali wa hizohizo bitcoin! Anwani ya pochi ile anaijua kwa kichwa. Na hela hizi hazina siri. Kila zinapohama inaandikwa hadharani, dunia nzima inaweza kusoma. Majina hayapo, lakini nyayo zipo. Jana kanihamishia zote kwenye pochi yangu. Shemeji ameshaona kwamba zimetoka.

Kabla hajapanda basi aliniambia, "Kaka, akiona zinakokwenda, ameniona mimi."

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbili nasoma tu. Wateja wamenuna.

Nimeelewa hivi. Kuna program inakusanya watu ambao hawajuani, hamsini, mia. Kila mmoja anamwaga hela yake kwenye kapu moja. Zikitoka, zinatoka vipande vilivyo sawasawa, na kila mtu anabeba vyake. Anayechungulia anaona vipande vinafanana, hajui kipi cha nani. Hiyo ni raundi moja. Ukirudia mara tatu, hata anayefuatilia kwa kazi anachoka.

Si bure. Mwenye program ana ada yake kila raundi, na mtandao una ada yake. Nimempigia Chiriku, nikamtajia gharama ya raundi tatu. Hakubisha. Kasema nitoe humohumo, lakini zifanyike zote tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Raundi ya kwanza imekwisha saa nane mchana. Vipande vinne safi. Pembeni imebaki chenji — kile kilichozidi, ambacho hakikutosha kuwa kipande. Maelezo yamesisitiza: chenji haijachanganywa, bado ina nyayo za mwenyewe, usiitume pamoja na vipande safi kamwe. Ukiviweka pamoja umejitangaza.

Nimeiandika kwenye karatasi, nikaibandika juu ya meza ya kulehemu.

Jumapili, 9 Machi

Sikufanya raundi ya pili. Ada ya mtandao imepanda. Nikajiambia nisubiri ishuke. Ikashuka. Nikajiambia, vipande vinafanana mia nzima, raundi moja mbona inatosha.

Chiriku kauliza. Nimemwambia, "Zote tatu tayari."

Kashukuru sana. Nilitamani asingeshukuru.

Jumatano, 12 Machi

Nimenunua feni.

Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuliandika. Ada ya raundi mbili ilibaki kwangu, nami nikaiita malipo ya usumbufu wangu. Siku mbili za kusoma, wateja niliowakosa, na kadhalika. Hesabu niliipanga vizuri mno, kama wakili. Bati la kibanda linachoma, solda inachoma, jasho linadondokea kwenye simu za watu — hayo yote ni kweli. Feni ni ya kuning'inia, mapanga matatu. Mama muuza vocha wa jirani kaja kukaa chini yake, anasema sasa nimekuwa mtu. Nimecheka naye.

Jumamosi, 15 Machi

Chiriku kapata chumba. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu, leo hii, ama anampa mtu mwingine. Kule yuko mbadilishaji mmoja: unamtumia bitcoin, mtu wako anakwenda dukani anapewa taslimu. Anwani ya pochi yake kaibandika kwenye ukurasa wake wa biashara, kila mtu aione, na mtaa lilipo duka.

Vipande vyangu vinne havikutosha kodi. Vilipungua kidogo tu! Chenji ingejazia. Njia sahihi ilikuwa kulipia raundi nyingine, ya vipande vidogo zaidi, ili chenji nayo ipite kapuni. Ada ya raundi ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu na mapanga matatu.

Nikaweka vyote pamoja. Program ikatoa onyo jekundu. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza Endelea. Nikajiambia nani atakaa achungulie kitu kidogo hivi. Na nilimjua ni nani. Karatasi ilikuwa mbele ya pua yangu, nikaigeuza.

Chiriku kalipwa taslimu saa tisa. Kanitumia picha ya ufunguo.

Jumatatu, 17 Machi

Kimya. Kila anayesimama mlangoni naangalia viatu kwanza.

Jumanne, 18 Machi

Kaja.

Saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi, salamu zote, mama hajambo, watoto hawajambo. Kaniletea simu yake, kioo kimepasuka. Akakaa kwenye stuli ya wateja, chini kabisa ya feni. Akaitazama. "Feni mpya, shemeji. Kazi inakwenda."

Nikasema tunajikongoja.

Hakunitisha. Ingekuwa afadhali angenitisha. Kaomba kalamu, kachukua risiti yangu moja, kachora upande wake wa nyuma. Huku pochi ya mkewe. Huku yangu. Hapa kapu. Akakiri kwamba pale kwenye kapu alipotea kweli, alikaa siku nzima hajui kipande kipi akifuate, akataka kuacha. Kisha akachora mstari mmoja kutoka kwenye chenji, na mistari minne kutoka kwenye vipande, yote ikaingia mahali pamoja, kwa mbadilishaji. Akapazungushia duara. Akautaja mji. Akaongeza mtaa.

Kalamu akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. "Ungelipa ile ada tu, shemeji, mimi ningekuwa bado natafuta."

Simu yake kasema ataipitia akirudi safari.

Sikumshika. Nilimwandikia stakabadhi ya kupokea simu! Mkono wenyewe ulifanya, kwa mazoea. Mama muuza vocha kaniuliza mbona nimepauka. Nimesema joto.

Chiriku hapatikani. Mara tisa nimepiga. Akiwa anaandika mahojiano huzima simu, kazi isikatike. Mshonaji sina namba yake. Ujumbe nimetuma: nipigie, haraka. Sikuandika kwa nini. Ningeweza kuandika kwa nini.

Jumatano, 19 Machi

Kapiga saa moja asubuhi, nikiwa nafungua kibanda. Kabla sijapumua kaanza yeye, na alikuwa Chiriku kabisa, yule wa zamani, hashikiki. Mtoto kapata nafasi ya chekechea. Mwenye nyumba kampunguzia bili ya umeme. Kalala vizuri. Halafu akapunguza sauti. "Kaka, jana nimelala bila kusogeza meza mlangoni."

Nikamwambia atoke. Sasa hivi, amchukue mtoto, asirudi chumbani, aende kituo cha mabasi apande la kwanza litakaloondoka, popote linakokwenda. Nikamwambia mumewe anaujua mji na mtaa.

Nilisikia mtoto anaomba sukari kwenye chai. Nikasikia kijiko.

Akauliza, "Amejuaje?"

Nikasema mtandao unakatakata, simsikii. Nikakata mimi.

Nimekaa kwenye stuli ya wateja, simu ya shemeji ipo mbele yangu na kioo chake kilichopasuka. Dakika kumi na mbili baadaye ujumbe umeingia. Wametoka, wako kituoni, basi linaondoka saa mbili. Kaandika kwamba malipo ya mwezi huu wageni walishayatuma kwenye pochi yangu, na atahitaji hela atakakofika. Kaandika: "Nichanganyie tena kaka. Tatu kama mwanzo. Sijui alipitia wapi ila najua si kwako."

Nimefungua program. Malipo yapo. Ada ya raundi tatu imeandikwa chini kabisa, nambari ndogo tu. Feni nimeizima, jasho linadondokea kwenye daftari hili na maandishi yanavuja.

Nimeandika "Chiriku, ni mimi niliye", nikafuta. Nimeandika "Sawa mdogo wangu", nikafuta.

Saa mbili kasoro tano. Simu inaita. Ni yeye, na nyuma yake nitasikia honi ya basi, na ataniuliza tena amejuaje.