Vipimo vya Mwaka Niliokonda

Ilomba, Mbeya. Jumamosi, mwezi wa saba, 1978

Baridi kali. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi.

Leo nimemsingizia mtu.

Niandike ukweli, angalau humu. Miaka sita iliyopita nilipasuliwa tumbo katika hospitali ya misheni upande wa Iringa. Unene ulikuwa unaumaliza moyo wangu, hivyo daktari mgeni akaunganisha utumbo upya ili chakula kipite njia fupi. Dada yangu Atupele aliacha shamba lake akaniuguza miezi minne. Nilikonda mpaka watu wakapishana nami njiani bila kunitambua.

Mwili umerudi. Daktari alinionya kwamba utumbo huzoea, nami nikazoea pamoja nao. Wali wa mchele wa Ubaruku, chai yenye sukari ya kutosha, mkono mmoja unasahihisha madaftari na mwingine uko kwenye sahani. Atupele nikimwandikia barua namwambia sijambo kabisa.

Kwaya yetu ya kanisani ilipotaka sare mpya, akina mama walipimwa barazani kwa fundi, Baba Sekela, kila mmoja akitajwa namba zake kwa sauti. Mimi nilisema nina haraka. Nikampa karatasi yenye vipimo vya mwaka ule niliokonda.

Leo tumekwenda kujaribu. Gauni likakwama kiunoni, wenzangu wote wananitazama. Nikasema fundi amekosea.

Mama mmoja akamwambia usoni, "Baba Sekela, kitambaa chetu umekipeleka wapi?" Wakaamua hapo hapo kwamba mashati ya wanaume atapewa fundi mwingine. Ile karatasi yangu ilikuwa mezani pake. Hakuionyesha. Aliniambia tu, "Nenda nalo, mwalimu. Ukifika nyumbani kaliangalie ndani."

Nilimwona ana kiburi.

Nimeligeuza gauni sasa hivi. Kila upande ameacha kitambaa cha ziada cha upana wa vidole vinne, amekikunja vizuri, na juu yake ameshona kwa uzi wa kufumulika upesi. Alijua tangu siku ile nilipompa karatasi. Alinishonea mwili nilio nao, akanifichia aibu yangu, nami nikamfanya mwizi mbele ya wateja wake.

Kesho baada ya ibada lazima niwaambie akina mama wote ukweli, fundi akiwepo, kisha nimwombe anipime hapo hapo na azitaje namba kwa sauti.

Najijua. Kukikucha nitaanza kusikia kichwa kinaniuma.

Niende hata kikiuma.