Nembo Kubwa, Mistari Mifupi

Katoyi, Goma
Tarehe 9 Novemba 2023

Mpendwa kaka Onésime,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hamjambo huko Lubumbashi? Mgongo wako umepona? Wifi Alliance hajambo, na watoto wanaendelea na masomo? Sisi tu wazima, ingawa milio ya mizinga ya upande wa Sake inatuamsha mapema.

Mama yako, mama yangu mkubwa, hajambo sasa. Bado anakataa kuhamia kwangu, anataka kubaki kambini na majirani waliokimbia naye kutoka Masisi. Nasema hajambo sasa kwa sababu mwezi uliopita alirudishwa mara mbili kutoka foleni ya unga, akalala njaa, na aliyesababisha ninakaa naye ofisi moja.

Unajua kazi yangu ni kuchapa kadi za chakula. Kila kadi ina msimbo pau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine. Printa haibahatishi: unaiandikia amri, mistari ianzie wapi, iwe minene na mirefu kiasi gani, nayo inatii. Inamtii hata mpumbavu.

Mpumbavu wetu anaitwa Védaste, chef mpya, yaani mkubwa wetu wa ofisi, mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi la lava. Alitaka nembo ya shirika ionekane kubwa kwenye picha za wafadhili, akaniagiza nibadilishe amri ya urefu mpaka mistari ikawa mifupi kama punje ya mchele. Nilimwonya. Akanijibu kwamba mashine inasoma upana, si urefu. Ni kweli, kama kadi ni mpya na imelala mezani, na Védaste hajawahi kutoka mezani.

Wewe unajua mama zetu wanabeba wapi kitu cha thamani: ndani ya fundo la kikwembe, kitenge cha kiunoni, kimekunjwa. Zamani mkunjo uliharibu sehemu tu ya mistari, juu yake ikabaki safi, mashine ikasoma. Sasa mkunjo unaimaliza yote.

Mama yako alipofika mbele, mgawaji akamwambia: “Mama, hauko ndani ya mashine.”

Akamjibu: “Benye bunduki balinijua niko mutu, bakanikamatia ngombe. Mashine yenu tu njo hainione?”

Védaste aliitisha mkutano kambini, akawafundisha akina mama usafi! Kadi isikunjwe, ishikwe mkononi. Mwanamke aliyekimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, mkono wa kushika kadi yake autoe wapi?

Védaste alipokwenda semina Bukavu, nikarudisha amri za zamani: mistari mirefu, nembo ndogo pembeni. Nikachapa upya kadi za kambi nzima. Mama yako akapata unga na maharagwe, na kadi yake imekunjwa vilevile.

Védaste aliporudi akaona foleni inatembea, akaandika ripoti kwamba mafunzo yake ya usafi yamefaulu. Nembo hakuiulizia, maana wapiga picha walikwisha kuondoka. Anapongezwa mpaka Kinshasa, bwege yule, nami nanyamaza kwa sababu kesho anaweza kuniagiza tena na lazima niwepo mimi kwenye printa.

Nisalimie Alliance, Bienvenu na Héritière. Mungu awafunike kwa amani ambayo sisi tunaisikia redioni tu.

Mama yako anakusalimu sana. Jumapili nikimtembelea tunasali pamoja, na baada ya jina lako anamtaja Papa Védaste, aliyemrudishia chakula. Majirani wote wanaitikia amina. Mimi naangalia chini.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Perpétue