Asumini za Bibi Harusi

Mangapwani, Unguja

Dada Agnes,

Shikamoo. Mgongo wako umekaaje tangu mlipomaliza kuchuma kahawa? Na shemeji, anakunywa ile dawa ya presha, au bado anaificha chini ya mto? Mimi mzima, ila nimechoka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila ukiniuliza hali nasema "njema" hata hujamaliza kuuliza, halafu nakata na kubaki nimekaa.

Kazi ni ileile. Asubuhi natoka chumbani kwangu Jang'ombe, nakuja huku kwenye bustani ya nyumba ya wageni, nalala kifudifudi kwenye udongo na kupiga picha maua kwa karibu mpaka chavua ionekane punje kwa punje. Nabana pumzi, upepo unapita, ua linatikisika, naanza upya. Tajiri wangu anazichapa kwenye kadi za watalii, na kila ua analitaka na matone ya umande. Umande wa saa nane mchana utautoa wapi? Basi natembea na chupa ya kupulizia maji, nadanganya. Magoti yangu sasa ni ya bibi kizee.

Alhamisi nilifanya kosa ambalo hadi leo naliona aibu. Bi Rukia, mama anayetunza bustani, alikuwa amechuma vitumba vya asumini ungo mzima, akavitandaza barazani na kuvifunika kwa kitambaa. Vilikuwa vya harusi ya jirani. Huku bibi harusi hutungiwa vikuba, vishada vidogo vya asumini na majani ya mrehani, vya kubandika nguoni, na asumini huchumwa ingali imefumba ili ifunguke usiku, akiwa ameivaa. Haya yote nayajua, si mgeni tena, nina miaka miwili hapa. Lakini mwanga ulikuwa umelala vizuri. Nikafunua, nikapulizia maji, nikapiga picha weee, kisha nikafunika tena kwa kitambaa kilekile, nacho kimelowa, nikaenda zangu.

Alasiri Bi Rukia akafunua. Vitumba vimefukuta, vimegeuka rangi ya chai.

"Veronika!"

"Naam, Bi Rukia."

"Umezitia maji asumini?"

"Kidogo tu, kwa ajili ya picha."

"Kidogo! Mwanangu, asumini ya kutungwa haitiwi maji. Sasa nnakwenda kuwambia nini wenye harusi yao?"

Hakunipa hata nafasi ya kulia. Alijitanda kanga, akanishika mkono, tukaenda nyumba kwa nyumba kuomba. Kila mlango alisema, "Huyu mpiga picha wangu kaniunguzia asumini za harusi," nami nimesimama nyuma yake nimeinamisha kichwa. Wanawake walicheka, wakatuchumia kwenye miti yao, hakuna aliyetaka malipo. Kabla ya magharibi tukawa na nusu ungo. Bi Rukia akasema zatosha, bibi harusi mwenyewe mwembamba.

Tukiwa tunatunga akaniuliza, "Weye si mjinga. Leo akili yako ilikuwa wapi?"

Nikamwambia. Nilimweleza ya Jumapili, nilivyopiga simu akapokea Neema, nikasema ni mama, naye akakuita kwa sauti, "Mama! Yule wa maua amepiga." Ulimkemea, nilisikia. Usimkemee, dada. Nilimwacha ana miaka mitatu, na tangu hapo mwanangu namtumia picha za maua tu.

"Na sura yako ushampelekea mara ngapi?" akauliza Bi Rukia.

Simu yangu imejaa maua, picha yangu mimi haimo hata moja. Nililia palepale, uzi mkononi. Bi Rukia akauvuta ungo pembeni, akaniambia nisizilowanishe mara ya pili.

Kesho yake akaingia kwa tajiri, mimi nikasubiri nje. Sijui alimwambia nini. Likizo niliyoiomba tangu mwaka jana alitoka nayo yeye: "Wiki tatu. Nenda kwenu ukalale." Nakuja, dada. Naondoka wiki ijayo.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo Filomena, mwambie karafuu zake sijazisahau. Babu Kosmas mwambie ajiandae kunicheka nilivyokonda.

Neema usimwambie siku ninayofika. Mwaka jana ulimwambia, akashinda mlangoni na viatu miguuni mpaka jioni, kumbe mimi nimenyimwa ruhusa. Wala usimfundishe kuniita mama. Wewe ndiye unayemwogesha, wewe ndiye unayekesha naye akiwa na homa, na nakushukuru kuliko ninavyojua kusema. Nikifika akakimbilia nyuma ya kanga yako, usimvute. Nitakaa chini pale sebuleni, nisubiri mpaka atoke mwenyewe. Wiki tatu si nyingi, lakini nitasubiri.

Mdogo wako aliye njiani,
Veronika