Jibu la Yule Kijana wa Jumapili

Kaka Bohumil,

Hapa Pardubice miplamu imezaa sana, nimepika jamu mpaka chupa zimeniishia. Nyonga imepona na ngazi napanda mwenyewe.

Unasema mtu wa umri wangu haishi peke yake, niuze nyumba ya mama nihamie makao ya wazee. Haya, sasa nisikilize mimi.

Jumapili, kwenye ule mchezo wako wa ndege za vita wa kompyuta, kuna mtu alikutungua mara tatu. Ulikata kona kwa nguvu mpaka ndege ikaishiwa mwendo. Yeye akapanda juu, akakungoja, akakushukia mgongoni. Ukamwandikia: "We kijana, nani kakufundisha?" Hakukujibu.

Aliyenifundisha ni wewe, kaka. Enzi za ujana wetu ulikuja likizo, rubani mpya wa jeshi, ukanionyesha kwa vijiko viwili mezani kwa mama: adui akikata kona usimfuate, panda. Majira yote ya baridi yaliyopita nilitunguliwa mchezoni nikijifunza, mpaka nikaweza.

Meza ni ile ile, na kompyuta yangu iko juu yake. Haihami, nami sihami. Jumapili njoo tena mchezoni, uje na wenzako.

Mdogo wako,
Drahomira