Leo Akiita, Itika Wewe

Baba Lusungu,

Ndizi zimo kwenye sufuria, zipashe moto tu. Kakao iko mkekani. Ukiona wingu, ianue, usisubiri kuitwa.

Nimekwenda mjini kwenye ile intavyu ya kupokea simu, kwa wanunuzi wapya wa kakao. ~~Ukitaka kuniomba radhi, nipokee stendi.~~ Usije, njia naijua.

Asubuhi ulijifanya bosi, ukaniuliza, “Una uzoefu gani?” Nikasema sina. Ukacheka mpaka chai ikakupalia. Iliniuma, sikufichi. Mara baba yako akaita kutoka uani. Nikajibanza nyuma ya mlango asinione, kama mila yetu inavyomtaka mkwe, nikamwitikia. Hapo ndipo jibu liliponijia.

Wakiniuliza, nitawaambia hivi: tangu niolewe nazungumza na baba mkwe bila kumwona uso, yeye upande ule wa mlango, mimi upande huu, na hajawahi kuagiza chai akaletewa uji.

Kwa hiyo ndaga, asante kwa kicheko chako.

Chai ya mzee iko kwenye chupa. Leo akiita, itika wewe. Laini yangu imehamia mjini.

Mama Lusungu